Mashindano Yaliyoanzia Kwenye Ghala la Mbaazi

Mwaka huu niliposhuka kwenye basi, stendi ya Babati, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa bodaboda aliyempakia msichana wa miaka kama kumi na minne, na mgongoni mwa msichana yule kulikuwa na selo. Kama hujawahi kuiona, selo ni dada mkubwa wa vayolini, ina kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na ikiwa ndani ya mkoba wake mweusi unaweza kudhani ni mtu kabebwa amelala. Bodaboda hakushangaa. Alimwambia abiria wake ashike vizuri, akawasha pikipiki, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimeganda katikati ya njia.

"Mama, pisha kidogo. Huyu anawahi mashindano."

Nikapisha. Nikabaki pembeni ya wauza machungwa nikicheka peke yangu, mpaka mmoja wao akaniuliza kama niko salama. Ningemweleza nini? Utotoni mwangu, mwalimu wetu wa muziki alipokuwa akikatiza sokoni na sanduku la vayolini, nusu ya watu waliamini amebeba bunduki ya kuwindia ndege, na nusu nyingine waliamini ni dawa za kienyeji. Leo bodaboda wa stendi anajua kwamba mwenye selo hacheleweshwi. Hilo halikuja lenyewe, rafiki yangu. Kuna watu walilipigania, na wengi wao hawapo tena kulisema. Ngoja niliseme mimi.

Nilikulia Maisaka, upande ule wa mji ambao nyumba zinaanza kuachana na mashamba yanaingia katikati yake. Mama yangu alikuwa muuguzi kwenye zahanati huko Kiteto, anakuja likizo tu, kwa hiyo aliyenilea ni bibi, mama yake mama. Bibi aliteremka kutoka milima ya Mbulu akiwa bi harusi, na mpaka anaingia kaburini alikuwa anasema Babati anakaa kwa muda. Kiswahili chake alijifunza ukubwani na hakikuwahi kumkaa sawasawa. Kila alipokasirika alirudi kwenye Kiiraqw, na sisi watoto tulijua kwamba Kiiraqw kikianza ni wakati wa kutafuta kuni hata kama kuni zipo.

Uani kwetu kulinuka maziwa mgando, moshi, na mbaazi. Babati mwezi wa nane yote inanuka mbaazi. Zinaanikwa kwenye maturubai, zinapigwa kwa fimbo, makapi yanapeperuka na kuingia kwenye nywele, kwenye uji, kwenye kola ya sare ya shule. Asubuhi tulichota maji, jioni tukapukuchua mahindi, mimi na bibi tukiwa tumekalia vigoda na beseni katikati yetu. Upepo ukivuma kutoka ziwani tulisikia viboko wakikoroma kama wazee waliosinzia kanisani.

Mwalimu aliishi Nakwa, peke yake. Alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, na alivaa viatu vya kiume vya kamba, akisema viatu vya kike havikutengenezwa kwa matope ya Babati. Vayolini na kinanda alijifunza ujanani, chuo cha ualimu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alifungua ukumbi wa kanisa letu na kumfundisha yeyote aliyefika. Humo kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Mivukuto yake ya kusukuma upepo ilikuwa imetoboka, naye aliiziba kwa ngozi ya mbuzi aliyoilainisha mwenyewe. Vitufe viwili havikutoa sauti kabisa. Alituambia tukifika hapo tuisikie ile nota kichwani na kuendelea.

Muziki wenyewe ulikuwa ule wa nota, uliotungwa Ulaya miaka mingi sana iliyopita, ambao siku hizi wanauita klasiki. Hatukuruhusiwa kugusa chombo kabla ya kuuimba wote kwa do, re, mi bila kitabu. Mimi alinipa kipande kifupi cha kinanda chenye sauti mbili. Mkono wa kulia unaanza, wa kushoto unaufuata nyuma, unasema maneno yale yale kwa chini, na sauti hizo hazigongani. Ili nikielewe ilibidi awepo mtu wa kuimba ile sauti ya chini, na nyumbani hapakuwa na mtu ila bibi. Nilimfundisha tukipukuchua mahindi. Hakuuliza ni wimbo wa nini. Aliimba "do, sol, la, mi" kwa ile sauti yake nzito ya kuitia ng'ombe, na nikikosea ananingoja kwenye kona mpaka nimfikie.

Nilikuwa na rafiki mmoja katika mambo hayo. Alikuwa binti wa wafugaji wa Simanjiro, na baba yake alikuwa amemleta kwa jirani yetu ili asome shule ya mjini. Alikuja akijua Kiswahili cha salamu tu. Shuleni walimcheka, naye akanyamaza, akawa mtu wa kuangalia. Nikampeleka kwa mwalimu Jumamosi moja kwa sababu nilichoka kumwona amekaa peke yake ukutani. Mwalimu alimpa vayolini ashike tu. Baada ya miezi kumi alikuwa anapiga vizuri kuliko sisi wote.

Jirani yetu huyo alikuwa mwanamke mfanyabiashara, ananunua mbaazi kwa wakulima na kuzihifadhi kwenye ghala lake la bati nyuma ya nyumba. Vayolini hakuipenda. Alisema ni paka aliyebanwa mlangoni. Lakini mwalimu alikuwa amemruhusu rafiki yangu aende nayo nyumbani siku za wiki, na kwa kuwa baba wa mtoto alikuwa mtu wa kuheshimiwa, jirani alivumilia.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, mwalimu alisikia kwamba katika mji mkubwa, safari ya nusu siku kwa basi, kuna mashindano ya vijana ya muziki huo. Akatupeleka sisi wawili. Tuliondoka alfajiri, bibi akiwa ametufungia viazi vitamu na chupa ya chai ya maziwa. Nilivaa viatu vya binamu yangu vilivyojazwa magazeti mbele.

Ukumbi ulikuwa na viti vya kitambaa. Watoto wa pale walikuwa na vyombo vyao wenyewe, kila mmoja na chake, na mama zao waliwafuta vumbi mabegani. Kwenye meza ya kuandikisha, katibu aliuliza vyeti vya shule ya muziki. Mwalimu akasema shule ni yeye. Katibu akatabasamu, akaondoka, akarudi, akasema tumekubaliwa kupiga, ila si ndani ya mashindano. Tutapiga wakati wa mapumziko.

Mapumziko yalikuwa chakula cha mchana. Nilikaa kwenye piano, chombo ambacho sikuwahi kukigusa, miguu yangu ikitafuta pedali za kukanyaga upepo ambazo hazikuwepo, huku watu wakipanga foleni ya pilau nyuma ya ukumbi. Nilipiga katikati ya kelele za vijiko. Rafiki yangu akafuata. Alifumba macho na kupiga mpaka mwisho bila kosa hata moja, na alipoyafumbua, mtu pekee aliyekuwa anamtazama alikuwa mhudumu aliyekuja kukusanya sahani.

Wakati tunaondoka, mkuu wa majaji alitufuata mlangoni. Alikuwa mzee mwenye suti ya kijivu, na sitasema alikuwa mtu mbaya. Alimpa mwalimu mkono kwa heshima.

"Mama, watoto wako wana bidii, sikatai," alisema. "Lakini huu muziki una kwao."

Mwalimu alimshukuru. Kwenye basi nililia kimyakimya nikitazama mibuyu ikipita dirishani, na rafiki yangu alikuwa ameikumbatia vayolini kama mtoto mgonjwa. Basi liliposimama Magugu, mwalimu alitununulia ndizi za kuchoma kupitia dirishani, akatugawia, akafuta vidole vyake kwa leso.

"Yule mzee amesema kweli," alisema. "Huu muziki una kwao. Mwakani kwao itakuwa Babati."

Alitangaza mashindano wiki iliyofuata. Yatafanyika Jumamosi moja ya mwezi wa nane, ndani ya ukumbi wa kanisa, kwa mtoto yeyote wa mjini na wa kata za jirani. Alitembea shule kwa shule na vile viatu vyake. Habari zikafika kwetu kabla yake. Jirani alikuja jioni moja kuazima ungo, akatukuta tumekalia mahindi yetu tukiimba sauti zetu mbili, akasimama mkono kiunoni.

"Na wewe Bibi, umri huu," alisema. "Unaimba mambo ya wazungu?"

Bibi hakuacha kupukuchua. Aliokota gunzi na kumwonyesha.

"Hii mahindi ilitoka wapi, Mama Neema? Ilikuwepo Mbulu wakati wa babu zetu? Haikuwepo. Tulikula mtama. Mbona hatuirudishi?"

Jirani alichukua ungo akaenda. Neno hilo nimelibeba maisha yangu yote. Nimelitumia mbele ya maprofesa.

Upinzani mkubwa ulitoka mahali pengine. Mzee aliyetunza ukumbi wa kanisa letu alisema kinanda ni cha ibada, hakiwezi kugombaniwa kama mpira. Mwalimu alimwendea mara tatu. Mara ya tatu mzee aligundua kwamba jaji mkuu atakuwa mwalimu wa kwaya wa Wakatoliki, kwa sababu mwalimu wetu alikataa kuwahukumu wanafunzi wake mwenyewe. Hapo ikawa basi. Alimwambia achague: ama aache mashindano, ama aache ukumbi. Mwalimu akamjibu kwamba watoto wameshaitwa, na mtoto akishaitwa haambiwi rudi.

Jumamosi yenyewe tulifika tukiwa tumenyooshewa nguo na kupakwa mafuta mpaka miguuni. Tulikuwa watoto kumi na mmoja kutoka Maisaka, Nakwa na Singe, wengine na filimbi, wengine na sauti zao tu. Mlango wa ukumbi ulikuwa na kufuli jipya. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi barazani, fimbo katikati ya magoti, akitazama barabara. Wazazi walianza kunong'ona. Baba mmoja alimshika mwanawe mkono tayari kuondoka.

Bibi alikwenda mpaka barazani. Alimsalimia mzee kwanza, wakaulizana habari za nyumbani na za mifugo, maana walitoka milima ile ile. Kisha akamuuliza kama ufunguo upo.

"Upo," mzee alisema.

"Na mlango unafunguka?"

"Leo haufunguki."

"Haya. Kaa na mlango," bibi alisema. "Sisi tunakwenda na watoto."

Akateremka ngazi, akanishika mkono, akaanza kutembea bila kutazama nyuma. Sijui kama alijua tunakwenda wapi. Mwalimu alimfuata, na yule jaji Mkatoliki akamfuata mwalimu, na watoto wote, na wazazi, hata yule baba. Tulipita katikati ya soko. Wauza nyanya walisimama kututazama. Rafiki yangu alitoa vayolini kwenye sanduku akaibeba wazi mkononi, na hiyo ndiyo siku Babati ilipojua kwamba si bunduki.

Bibi alituongoza mpaka kwa jirani. Jirani alikuwa mbele ya ghala lake akishona midomo ya magunia, sindano ndefu mkononi na uzi wa katani mdomoni. Aliutazama umati ule. Bibi alimwambia kwa maneno machache kilichotokea, akamwomba ghala. Jirani alitoa uzi mdomoni, macho yake yakiwa kwa yule binti wa Simanjiro.

"Huyu amenipigia kelele mwaka mzima na zaidi ndani ya nyumba yangu," alisema mwishowe. "Leo nataka nijue kama ilikuwa kelele ya bure."

Akafungua milango yote miwili. Wanaume wakapanga magunia yawe viti. Vumbi la mbaazi lilisimama kwenye mwanga wa jua hata tukapiga chafya kwa zamu. Mwalimu alichukua chaki akaandika kwenye ubao wa mlango, kwa mwandiko wake wa darasani: ASIYE NA CHOMBO ATAAZIMA. ASIYEPATA WA KUMWAZIMA ATAIMBA. Hiyo ikawa kanuni ya kwanza. Ya pili aliisema kwa mdomo tu, lakini sisi wawili tulijua imetoka wapi: mtoto anapopiga, hapana mtu kula.

Zamu yangu ilipofika sikunyanyuka. Kinanda changu kilikuwa nyuma ya kufuli. Nilimwambia mwalimu siwezi, nikaanza kulia mbele ya shule nzima, au ndivyo nilivyoona. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Kinanda kimefungiwa," alisema. "Na wewe umefungiwa?"

Nikasimama. Nikaimba sauti ya juu kwa do, re, mi, nyembamba kama uzi, na nilipofika pale ambapo mkono wa kushoto hutakiwa kuingia, nikajua hapataingia kitu, nikajiandaa kuzama. Sauti ya chini ikaingia. Bibi hakuwa amesimama. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake, viganja magotini, akiimba kama tuko uani. Watu walicheka. Halafu kicheko kikapungua, kikaisha, tukabaki sisi wawili na bati la paa likilia kwa joto. Nilipokosea, alinisubiri kwenye kona kama kawaida yake.

Jaji alivua miwani akaifuta. Alisema hawezi kunipa alama kwa sababu mashindano ni ya mtu mmoja mmoja, sisi tulikuwa wawili, na mmoja wetu amezidi umri. Watu walipiga makofi hata hivyo. Aliyeshinda ni rafiki yangu. Nimesikia kipande kile kikipigwa na watu wakubwa katika kumbi kubwa, na nakuapia sijakisikia tena kama nilivyokisikia siku ile, nikiwa na makapi ndani ya kola. Jirani alikuwa amesimama mlangoni na ile sindano. Rafiki yangu alipomaliza kupiga, jirani aligeukia ukuta, akajifanya anakagua magunia. Zawadi ya mshindi ilikuwa mtetea wa bibi, mweusi, aliyefungwa miguu kwa utepe wa nywele.

Mwaka wa pili yule mzee alifungua ukumbi mwenyewe. Hakuomba radhi. Alikaa nyuma karibu na mlango, analalamika kwamba watoto wanaingia na matope. Bibi alimsogezea kiti. Mwaka wa tatu Wakatoliki walisema nao wana ukumbi, na tangu hapo tukawa tunapokezana. Shule za sekondari zikaingia. Wakaja watoto kutoka Mbulu na Hanang', wanalala nyumba za watu, kila nyumba ya Maisaka ina mgeni mmoja anayefanya mazoezi chooni ili asisumbue. Piano ya kwanza, kuukuu, ilifika juu ya lori lililotoka kupeleka vitunguu, na kwa mwaka mzima ukigusa kitufe unasikia harufu ya vitunguu.

Na mwaka mmoja wakaja watoto wawili kutoka ule mji mkubwa. Mwalimu wakati huo alikuwa anatembelea fimbo, lakini alikaa meza ya kuandikisha. Kijana aliyemsaidia alimuuliza kwa kunong'ona kama hawa waulizwe vyeti. Nilikuwa karibu, nilisikia jibu lake.

"Waulize kama wamekula."

Mwalimu alifariki miaka michache baadaye, wakati wa mvua za masika, na jeneza lake lilibebwa na watu sita aliowafundisha. Bibi alimfuata mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa mbali nikisomea muziki, na nilifika siku ya tatu, nikakuta beseni la mahindi limeachwa nusu. Nilikaa kwenye kigoda changu nikamalizia.

Sasa nikwambie la mwaka huu. Siku moja kabla ya mashindano, kamati ilituita majaji tupitie kanuni mpya. Siku hizi mashindano ni ya siku tatu, yana mfadhili, yana vipaza sauti, yana kikombe cha kioo badala ya kuku. Katibu ni kijana mpole, msomi, alinipa shikamoo kabla sijavuka kizingiti. Akatugawia karatasi. Kanuni ya kwanza ilisema kila mshiriki awe na cheti cha shule ya muziki iliyosajiliwa, na aje na chombo chake mwenyewe.

Nilisoma mara mbili. Nikauliza kwa nini. Katibu akaeleza vizuri tu: watoto wamekuwa wengi kuliko muda, mfadhili anataka kiwango, wageni wanalalamika wakisikia mtoto anaimba do, re, mi kwenye mashindano ya vyombo.

"Ni kwa ajili ya hadhi, Mama," alisema.

Nilimwambia kwamba kwa kanuni hii mimi nisingeingia. Aliyeshinda mwaka wa kwanza asingeingia. Watu waliobeba jeneza la aliyeyaanzisha wasingeingia hata mmoja. Nikasema kama muda hautoshi, ongezeni siku ya nne, na kama mgeni hataki kumsikia mtoto anaimba, nje kuna hewa nzuri. Mjumbe mmoja aliniambia, kwa heshima, kwamba nyakati zimebadilika na hisia za zamani haziendeshi taasisi. Nikamjibu kwamba hili si suala la hisia. Mimi ni mtu niliyewahi kupiga piano watu wakipanga foleni ya pilau, na sitakaa meza moja na karatasi inayomrudisha mtoto mwingine kwenye foleni ile.

"Mkiibakiza kanuni hii," nilisema, "kesho nitaweka meza yangu nje ya geti. Nitawasikiliza mtakaowarudisha. Watu watachagua wasikilize upande gani."

Yule binti wa Simanjiro alikuwa amekaa mkabala nami. Ni mwanamke mzima sasa, anafundisha watoto wa kwao vayolini, na bado ni mtu wa maneno machache.

"Na mimi nitabeba kiti cha pili," alisema.

Wakajadiliana kwa muda wa karibu saa mbili. Mwisho wake kanuni iliondolewa, kwa mwaka huu. Katibu aliandika kwamba suala litajadiliwa upya. Nilimwona akiliandika na yeye alijua nimemwona.

Siku ya pili ya mashindano alipanda jukwaani msichana kutoka Singe, hana cheti, vayolini ameazima kwa mwenzake aliyetoka kupiga. Alikosea ukurasa wa pili, akasimama, akaomba radhi, akaanza upya. Sikumpa alama za huruma. Nilimpa alizostahili, na hakuwa hata wa kumi. Lakini aliposhuka alikuwa anacheka na mama yake, na tayari alikuwa anabishana na mwenye vayolini kuhusu lile kosa.

Jioni nilikwenda Maisaka kwa miguu. Ghala halipo. Pale pana nyumba ya wageni ya ghorofa moja, yenye vioo vya bluu, na watu wa mapokezi hawajui habari za mbaazi. Jirani alihamia kwa mwanawe Dodoma, akafia huko. Uani kwetu wamepanga watu wengine, wanapika kwa gesi, na mahindi wanapeleka mashineni yakiwa bado kwenye magunzi. Kinanda cha kukanyaga kilioza. Hakuna tena mtu mjini hapa anayejua sauti ya chini ya kile kipande kwa namna alivyoijua bibi, kwa kungoja, na hilo hakuna kamati inayoweza kunirudishia, wala silidai. Nimekubali vitu vife. Nyumba zinabomolewa, watu wanakwenda. Ninachokataa ni mtu aliye hai kuuchukua ufunguo na kukaa nao barazani.

Mwakani wataileta tena ile karatasi, najua. Nimeshakata tiketi.